Vidonge vya saratani vya mama: kabla ya chai au baada?

Kijana wa Tukuyu:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama yangu alipasuliwa saratani ya utumbo mpana, sasa kaanzishiwa kapesitabini: vinne asubuhi, vinne jioni, siku 14, kisha anapumzika 7. Kwenye boksi wameandika "baada ya chakula". Mama mdogo hataki kusikia. Anasema dawa kali inataka tumbo tupu ndipo iingie yote kwenye damu. Jana nimemkuta anavisaga kwa vijiko viwili akorogee kwenye uji wa ulezi, unga umedondokea hadi kwenye sahani ya mtoto. Jirani naye kaleta foliki asidi, eti ya kuongeza damu. Tarehe ya kliniki bado. Nishike lipi?

Mfamasia Uyole:
Pole kwa kuuguza, mdogo wangu. Mama mdogo hajakosea kote, na hapo ndipo penye hatari. Ni kweli chakula hupunguza kiasi cha kapesitabini kinachoingia kwenye damu. Ila dozi hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa waliokwisha kula, wakameza ndani ya nusu saa baada ya mlo. Yaani ugali ulishahesabiwa humo. Ukimpa tumbo tupu umempandishia dozi kimyakimya, na atakayeumia ni mama: kuhara, vidonda mdomoni, viganja na nyayo kuwaka moto hadi kubanduka ngozi.

Kusaga kukome leo. Vimezwe vizima kwa maji, vumbi lake ni hatari kwa anayesaga na kwa huyo mtoto. Foliki asidi weka pembeni mpaka uongee na daktari wake, inazidisha madhara ya dawa hii. Akisahau dozi asifidie kwa kumeza mara mbili.

Mama Ifunda:
Msije mkadhani kila dawa ni hivyo. Baba yetu ana saratani ya tezi dume, anatumia abirateroni, kwake ni tumbo tupu: asile saa mbili kabla wala saa moja baada. Tuliambiwa akichanganya na chakula inaweza kupanda kwenye damu hata mara 10! Mzee aliyezoea chai na viazi akiamka tu, tuligombana wiki nzima. Siku hizi anameza saa 11 alfajiri, anaenda kukamua ng'ombe, akirudi saa imepita.

Stendi Makambako:
Kwa nini basi zisiwe vidonge zote? Dada yangu anasafiri kila mara kutundikiwa dripu ya paklitakseli.

Mfamasia Uyole:
Hiyo ukiimeza, kuta za utumbo zina pampu zinazoirudisha ilikotoka, na kidogo kinachopenya ini linakivunja. Wapo waliotengeneza ya kumeza pamoja na dawa ya kuzima pampu hizo, lakini mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikatalia kibali. Avumilie dripu.

Kijana wa Tukuyu:
Asanteni sana. Nimempigia nesi, namba ilikuwa nyuma ya kadi. Foliki asidi kasema vilevile, isubiri daktari. Mama mdogo kanuna, kaondoka na vijiko vyake. Jioni hii ndizi na maharage kwanza.