Eksteno inalia tik-tik, inatokea, inapotea: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Mimi nina studio ya picha huku Sinza. Naomba tukusanye hapa visa vya eksteno, yaani diski za nje za kuhifadhia mafaili, zinazokatika ovyo, maana watu wengi wanaambiwa "diski imekufa" wakati diski ni nzima, imekosa umeme tu. Na ndani mna picha za harusi za watu, wengine mle ndani wameshatangulia mbele za haki.

Naanza na changu. Kompyuta ya mezani, mtumba wa Ulaya. Eksteno nikiichomeka mbele inazunguka kidogo, inazima. Nyuma inasoma vizuri, kwa sababu poti za nyuma zipo kwenye maza bodi (bodi kuu ya kompyuta) yenyewe, za mbele zinapita kwenye waya mrefu. Baadaye hata nyuma ikaanza kukataa, hasa video ikiwa inachakatwa. Fundi mmoja Kariakoo akaweka mita kwenye waya mwekundu, ule wa volti 5, wa pawa saplai (kisanduku cha ndani kinachogawa umeme). Mashine ikitulia, volti 4.9, kazi ikipamba moto, inashuka chini ya 4.7. Mwisho wa chini unaoruhusiwa ni 4.75. Kuifungua pawa saplai, kapasita (vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme) zimevimba vichwa. Tukaweka pawa saplai nyingine, diski ileile inapiga kazi mpaka leo.

Tafadhali pawa saplai msiifungue wenyewe. Hata ukichomoa waya ukutani, umeme hubaki ndani.

Mdau wa Tabata:
Mkuu, kwangu ilikuwa kebo. Ile fupi iliyokuja na diski ilipotea, nikanunua ndefu nyembamba ya barabarani. Diski ndogo za inchi 2.5 zikianza kuzunguka huvuta karibu ampea 1. Poti ya USB 2.0 inaahidi ampea 0.5 tu, ya 3.0 inaahidi 0.9. Ukiongeza na kebo mbovu hapo, itatoka wapi nguvu?

Mdau wa Kigamboni:
Naongezea upande wa zile kubwa za inchi 3.5, zenye adapta yake ya volti 12. Yangu ilikuwa inawaka taa lakini haizunguki. Nikaazima adapta ya jirani yenye volti na ampea zilezile, ikaamka. Ila jamani, someni maandishi ya adapta kwanza! Kijana wa dada yangu alichomeka chaja ya laptopu, volti 19, pini ikaingia bila shida. Bodi ya diski ikaungua palepale.

Mdau wa Mbagala:
Si kila kukatika ni pawa. Yangu ilikuwa inapotea nikiiacha bila kuigusa. Kumbe Windows inazima poti za USB ili kuokoa umeme. Nikauzima ule mpangilio, basi.

Mwanzisha uzi:
Ahsanteni sana. Mkuu wa Mbagala, hilo ni muhimu, kwa sababu dalili zinafanana kabisa. Kwa anayesoma sasa hivi diski ikiwa inalia mkononi: acha kuchomeka na kuchomoa. Ipeleke kwenye mashine nyingine, poti ya nyuma, kebo fupi. Ikisoma, hamisha mafaili kwanza, uchunguzi baadaye. Ikilia na huko pia, isiwashwe tena, mtafute mtu wa kuokoa data.

Bado sijapata mtu wa habu (kifaa cha kuongeza poti za USB) yenye adapta yake. Aliyeitumia na eksteno mbili kwa pamoja, iliyodumu, atuambie adapta yake ni ya ampea ngapi.