Mrejesho: Mbwa wa ulinzi na watoto, nimeishia kwa chotara

Wakuu, nimerudi. Miezi minane iliyopita niliuliza nifuge mbwa gani, alinde nyumba huku Goba, Dar, na asiwe hatari kwa wanangu wa miaka 4 na 9. Nilikuwa nimeng'ang'ania rotwaila. Wengi mlinikatalia, mkasema kwa mgeni wa kufuga bora jemani shepadi, au chotara wake na mbwa wetu wa kienyeji.

Nilichukua chotara jike wa wiki nane. (Niliambiwa majike yametulia. Huyu ameshatafuna pea tatu za viatu vya mama watoto.) Kosa langu ni kuchelewesha chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Akaanza kutapika na kuharisha damu, akawekewa dripu siku nne. Alipona, ila hela ile ingelipia chanjo za miaka. Ya kichaa cha mbwa alipata alipofikisha miezi mitatu.

Ulinzi upo. Hajamng'ata mtu, lakini bodaboda ikisimama getini usiku anabweka mpaka nitoke. Na joto la Dar analimudu. Shepadi wa jirani, na yale manyoya mazito, saa saba mchana anahema ulimi nje. Wangu anakula ugali wa dona na dagaa. Mchana yuko bandani, usiku namwachia uani. Mwanangu mdogo wa miaka 4 simwachi naye peke yao, hasa mbwa akiwa anakula.

Mkuu uliyesema nimwone kwanza mama wa huyu mbwa kabla ya kumchukua, asante. Nilimkuta mpole, akaninusa mikono akarudi kulala.