Wakuu msaada, maswali ya spidi, umbali na muda kwa aljebra yananitoa jasho

kijana_wa_QT: Wakuu habari za jioni. Najisomea nyumbani nataka nifanye QT (ule mtihani wa maarifa), mada zingine naenda nazo ila haya maswali ya maneno yananiua. Fomula naijua, umbali = spidi × muda, ila nikipewa hadithi sijui hata t niiweke wapi. Mfano hili: basi limetoka Dar saa 12 asubuhi kwenda Dodoma kwa km 60 kwa saa, gari dogo likatoka saa 2 asubuhi barabara hiyohiyo kwa km 90 kwa saa, litalikuta basi saa ngapi na umbali gani toka Dar? Mi napata km 1,800.

Mzee Kijiweni: 😂😂 km 1,800 mkuu Dodoma umeshaipita zamani, umevuka na mpaka wa nchi bado unalifukuza basi tu

mwl_tuisheni: Usimcheke bana. Dogo umechukua 12 ukatoa 2 ukapata masaa 10, wakati saa 12 asubuhi mpaka saa 2 ni masaa mawili tu. Alafu kabla hujaandika ikwesheni jiulize kwanza nini kinalingana kwa magari yote. Hapa ni umbali, yametoka sehemu moja na yanakutana sehemu moja. Muda wa gari dogo uite t, basi lilitangulia kwahiyo lake ni t + 2

60(t + 2) = 90t
120 = 30t
t = 4

Saa 2 ongeza 4 ni saa 6 mchana, umbali 90 × 4 = km 360, kwa barabara ile ni maeneo ya Kibaigwa huko.

kijana_wa_QT: Daah asante mwalimu. Na yakitokea pande mbili yakutane njiani?

mama_Careen: Hapo mdogo wangu umbali unajumlisha, kinacholingana ni muda kama yameondoka pamoja. Tuseme Dar Dodoma ni km 450, 60t + 90t = 450, masaa 3. Mi wanangu nawachorea kijedwali, spidi muda umbali, kila gari na mstari wake, sehemu ya muda usioujua ndo unaweka t. Na dakika 45 ni 0.75 ya saa jamani sio 0.45, watoto wanapoteza sana maksi hapo

Mzee Kijiweni: Na mimi nidandie hapohapo, ukienda kwa 60 ukarudi kwa 40 wastani si 50?

mwl_tuisheni: Hapana mzee, kurudi unakaa barabarani muda mrefu zaidi. Umbali wa kwenda uite d, muda wote ni d/60 + d/40 = d/24, umbali wote 2d, gawanya hapo d inakatika inabaki 48.

Mzee Kijiweni: Hizo d mnazikata tu kienyeji

kijana_wa_QT: Mzee weka d = 120, kwenda masaa 2 kurudi masaa 3, 240 gawa kwa 5.

Mzee Kijiweni: 48 🙌 haya dogo kafanye QT