Wakuu, kovu la kutolewa tezi ya mate linafutika? Jumatano naelekea Dar

Kijana wa Nanganga
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 31, niko Masasi. Nina uvimbe chini ya taya kushoto, sasa mwaka na nusu. Nimeshaamua kwenda kutoa tezi yote ya mate, Jumatano napanda basi. Naomba mnisaidie mambo mawili tu: kovu la shingoni linakaa muda gani mpaka lipotee, na gesti ya bei poa Kariakoo iko mtaa gani? Mwezi wa saba nafunga ndoa, sitaki watu wanikodolee macho shingoni siku ya harusi. Msiniulize mengi, kichwa kimejaa.

Ming'oko Mtamu
Kariakoo gesti zimejaa mkuu, ila uliza kwanza kama maji yanatoka. Mwaka 2019 nililala moja, asubuhi nikakuta viatu havipo, mlango umefungwa vilevile na ufunguo ninao mimi. Nilirudi Lindi na kandambili za msikitini, Mungu anisamehe.

Bibi Mikindani
Mjukuu wangu, hayo si matubwitubwi kweli? Sisi tulipakwa masizi mashavuni, tukafungwa kijiti cha kuni shingoni, tukapelekwa kuuzunguka mbuyu tunaimba, tunayaachia pale. Mimi yaliondoka siku ya tano. Mdogo wangu aligeuka nyuma kuangalia mbuyu, yake yakachelewa.

Chuma cha Pwani
Bibi, matubwitubwi ya mwaka na nusu huo mbuyu ungekauka 😂

Tabibu wa Zamu
Mleta mada, kabla ya kovu nijibu matatu. Unavimba muda wote au ukila? Unauma? Umepigwa ultrasaundi?

Kijana wa Nanganga
Tabibu nashukuru, ila sijauliza hayo. Nimeuliza kovu.

Tabibu wa Zamu
Na mimi siwezi kukujibu kovu la kitu nisichokijua. Ukila inakuwaje?

Kijana wa Nanganga
Basi sawa. Nikianza kula panajaa kama nimeficha limao, hasa nikila kitu kichachu, embe mbichi au ukwaju. Ilianza nikiwa shambani nanyonya bibo. Inauma, inavuta mpaka sikioni. Nikiacha kula, baada ya saa moja au mbili inanywea. Siku hizi kwenye shughuli za watu najifanya nimefunga.

Ultrasaundi nilipiga mwezi wa pili. Karatasi inasema jiwe la milimita 5, kwenye mfereji, karibu na mdomo wa mfereji chini ya ulimi.

Tabibu wa Zamu
Karatasi unayo tangu mwezi wa pili, hapa unauliza gesti?

Sikiliza. Kuna tezi kubwa tatu kila upande: mbele ya sikio, chini ya taya, na chini ya ulimi. Mawe nane katika kumi hutokea hiyo ya chini ya taya, kwa sababu mate yake ni mazito na mfereji wake ni mrefu, tena unapanda juu. Chokaa inaganda mle taratibu. Ukila, tezi inasukuma mate, yanakuta jiwe, panavimba. Ndiyo maana ukiacha kula panashuka.

Jiwe lililofika mbele kama lako, daktari anapiga ganzi chini ya ulimi, anakata kidogo humohumo mdomoni, analitoa. Shingo haiguswi. Yakiwa nyuma zaidi kuna kamera nyembamba, haizidi sana milimita moja na nusu, inapita kwenye tundu lenyewe la mate na kikapu kidogo cha waya cha kukamatia jiwe. Njia hii ipo tangu miaka ya 1990. Likiwa kubwa linavunjwa kwa leza, au wanachanganya kamera na mkato mdogo. Kutoa tezi yote ni hatua ya mwisho, na hapo kuna mshipa wa fahamu wa pembe ya mdomo wa chini. Ukiumia, kwenye picha za harusi utacheka upande mmoja.

Kijana wa Nanganga
Naelewa, ila wewe hujui kilichopo. Jamaa anayeniunganisha na daktari Dar kasema ukitoa jiwe tu linarudi, ukitoa tezi umemaliza. Na hela nimeshachukua.

Mama Ushirika
Hela umechukua wapi?

Kijana wa Nanganga
Kwa mtu.

Mama Ushirika
Mtu gani anakopesha Masasi mwezi wa nne?

Kijana wa Nanganga
Kangomba, mlanguzi wa korosho. Laki tisa, gunia nitampa msimu ukifika. Haya, nisemeni.

Mama Ushirika
Nilijua! Korosho haijatoa hata ua umeshaiuza shambani kwa bei ya kutupa! Chama cha msingi kipo, minada ipo, ninyi vijana mnapeleka jasho la baba zenu kwa walanguzi. Mume wangu alifanya hivyohivyo mwaka wa paa la bati. Tukavuna gunia kumi na moja, tukabaki na mbili, na paa hatukulimaliza mpaka leo, jikoni ni makuti.

Ming'oko Mtamu
Mama, mwenzio ana jiwe mdomoni wewe unampa semina ya ushirika.

Mchunguzi Huru
Ngoja kwanza. Hii ni chai. Tuko mwezi wa nne, bibo limetoka wapi? Halafu angalieni Tabibu alivyo na majibu tayari, ganzi, kamera, leza, kikapu. Huyu na mleta mada ni mtu mmoja, kesho wanatupa namba ya hospitali.

Chuma cha Pwani
Chai ya tangawizi kabisa. Naleta vitumbua.

Tabibu wa Zamu
Nimetaja hospitali gani? Nimeshika zamu za usiku miaka kumi na nne, mawe ya mate nimeyaona, hata wewe yako yakija nitayajua.

Kijana wa Nanganga
Mchunguzi, rudi usome. Nimesema ILIANZA nikinyonya bibo. Ondoa mwaka na nusu kwenye mwezi wa nne unapata mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi kwetu hakuna mabibo?

Mchunguzi Huru
...hesabu imekubali. Ila huyo jamaa wa kukuunganisha bado simwamini.

Bibi Mikindani
Hata mimi. Daktari haendewi kwa dalali kama kiwanja.

Tabibu wa Zamu
Ahsante bibi. Kijana, jiwe linaweza kurudi kwa baadhi ya watu, ni kweli. Lakini wengi tezi inapona na kufanya kazi tena. Chukua karatasi yako, anza na daktari wa kinywa na meno hukohuko mkoani, muulize neno kwa neno: hili haliwezi kutolewa kupitia mdomoni? Kwa sasa kunywa maji mengi, kanda tezi kutoka nyuma kuja mbele, weka kitambaa cha maji ya vuguvugu. Ukipata homa, usaha, au kumeza na kupumua kukawa shida, usisubiri asubuhi. Na wengine mnaosoma: uvimbe usioshuka, usiojali umekula au hujala, unakua kimyakimya, huo ni habari nyingine. Upimwe mapema.

Kijana wa Nanganga
Nimekaa kwenye kioo cha pikipiki na tochi ya simu. Nimenyanyua ulimi. Kuna kitu cha njano kama punje ya mchele kinachungulia. Nikikanda kinasogea. Nimepata pini ya dada, nimeichoma na kiberiti.

Tabibu wa Zamu
WEKA PINI CHINI.

Ming'oko Mtamu
Kijana weka pini.

Mama Ushirika
Mwanangu tafadhali.

Chuma cha Pwani
Dakika ishirini sasa. Upo?

Kijana wa Nanganga
Nipo. Nimeiweka, dada kaja kuitafuta. Kesho saa kumi na mbili nachukua gari la Mtwara na karatasi yangu. Jamaa wa Dar nimemwambia asubiri. Ila hela ya kangomba sirudishi wakuu, mahari nayo haijaisha.

Mama Ushirika
😤