Injini kuzimika ndege nyepesi inapokaribia kutua: je, kabureta inaweza kuganda barafu karibu na ikweta?

Mwanafunzi wa urubani, Nanyuki:

Ndugu zangu, mwezi Julai mwaka jana nilishuhudia ajali ambayo hadi leo sijaielewa, nami nawaomba wenye uzoefu mnisaidie. Ndege nyepesi ya viti viwili yenye injini ya Rotax 912 ilikuwa ikirudi kwenye kiwanja cha nyasi ninakojifunzia, asubuhi ya baridi, ukungu ukiwa ndio kwanza umeinuka. Rubani alikuwa amepunguza mafuta na kushuka taratibu kwa dakika kadhaa. Alipotaka kuongeza nguvu kidogo ili afike mwanzo wa njia ya kutua, injini ilikohoa mara mbili, ikatetemeka, kisha pangaboi likasimama. Ndege iliangukia shamba la ngano kabla ya kuufikia uzio, mguu wa mbele ukavunjika, ikabinuka. Namshukuru Mungu kwamba rubani alitoka na jeraha la bega tu. Kinachonisumbua ni kwamba mafuta yalikuwa safi na ya kutosha, plagi zilikuwa nzuri, na siku chache baadaye injini ilipofungwa kwenye benchi iliwaka bila shida yoyote. Wengine wanasema ni barafu kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini. Barafu itatoka wapi mahali ambapo mstari wa ikweta unapita?

Fundi wa injini:

Ndugu, hiyo injini kuwaka vizuri baadaye ndiyo inayonifanya niishuku barafu zaidi, kwa sababu barafu ya kabureta huyeyuka na kutoweka kabla fundi hajafika na bisibisi yake. Haitegemei theluji wala baridi kali. Petroli inapogeuka mvuke hufyonza joto, na hewa inapopenya kwenye koo jembamba la kabureta shinikizo lake hushuka; mambo hayo mawili kwa pamoja yanaweza kushusha joto ndani ya kabureta kwa nyuzi 20 au zaidi. Asubuhi ya Julai huko kwenu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, hewa ikiwa na nyuzi 12 na unyevu wa ukungu, koo la kabureta linashuka chini ya sifuri bila taabu. Ukiwa umepunguza mafuta hali huwa mbaya zaidi, maana upenyo uliobaki ni mdogo na injini yenyewe imepoa, kwa hiyo utando mwembamba tu wa barafu unatosha kuziba njia ya hewa. Rubani hatambui lolote mpaka asukume mkono wa mafuta. Hata hivyo siwezi kuapa kwamba ndicho kilichotokea, kwani hata bomba la mafuta lililopata uwazi huweza kuleta dalili zinazofanana na hizo.

Mkufunzi mstaafu:

Fundi amesema vyema, lakini mimi nauliza swali jingine: kwa nini ndege ile ilihitaji injini ili ifike? Ukishuka kwa pembe ya nyuzi 3, kama ndege kubwa za abiria, ukiwa na mita 100 za kimo bado una karibu mita 1,900 za kwenda. Ndege nyepesi iliyozimika injini, ikiwa inasonga mita 8 kwa kila mita 1 inayoshuka, itakwenda mita 800 tu, na upepo wa mbele utapunguza hata hizo. Kwa hiyo rubani alikwisha kukosa kiwanja kabla injini haijazimika. Sisi wazee tulifundishwa kukaa juu na karibu, kisha kushuka kwa mteremko mkali, ili injini ikikata wakati wowote ardhi ya kiwanja iwe bado mikononi mwetu. Jambo la pili, kijana wangu, ni kwamba ndege hizi ni nyepesi na hupoteza kasi kwa sekunde chache. Pua lazima ishushwe papo hapo, kabla ya kuanza kutafuta sababu. Anayevuta usukani ili ajaribu kuuruka uzio hupoteza kasi iliyobaki, mabawa yakaacha kubeba, na kuanguka kwa namna hiyo ndiko kunakoua. Rubani wenu aliyekubali shamba la ngano alifanya uamuzi sahihi, nami nampongeza.

Msomaji, Mombasa:

Mzee, shikamoo. Januari 17, 2008 Boeing 777 ya British Airways ilipoteza nguvu za injini ikikaribia Heathrow, nayo chanzo kilikuwa barafu, ila iliyokuwa kwenye mfumo wa mafuta. Nahodha alipunguza flapi, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoongeza nguvu ya kubeba lakini pia huzuia mwendo, kutoka 30 hadi 25, ndege ikaangukia nyasi za ndani ya uwanja, na watu wote 152 wakapona. Je, rubani huyu naye angepunguza flapi?

Mkufunzi mstaafu:

Marahaba. Ile ilikuwa ndege nzito yenye kasi, na flapi zilipunguzwa hatua moja tu. Katika ndege nyepesi iliyo chini sana, kukunja flapi zote ghafla kunaweza kuiangusha kama jiwe, kwa hiyo simfundishi mwanafunzi jambo hilo.

Mwanafunzi wa urubani, Nanyuki:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimemuuliza mwenye ndege leo asubuhi, naye amenithibitishia kwamba kabureta zake hazikuwa na kipasha joto. Ameagiza vipasha joto viwili, na ndege haitaruka tena kabla havijafungwa.