Printa yangu ya mabango: majenta inakata kila nikifika mita ya pili, fundi anasema hedi imekufa. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Mtoto wa Mabatini
Wakuu, habari za jioni. Nina kaofisi ka mabango hapa Mwanza. Mashine yangu ni ya Kichina, hedi (kichwa kinachotupa wino) moja ya i3200, wino wa eko-solventi, rangi nne, mojawapo majenta, ile pinki kali inayotoa nyekundu ikichanganyika na njano. Niliichukua mtumba kwa jamaa aliyekuwa anafunga biashara. Huu ni mwaka wa pili ninayo, na mpaka mwezi uliopita hatukuwa na ugomvi.

Sasa hivi nikiprinti bango la maandishi kwenye nyeupe, linatoka safi kabisa. Nikijaza rangi nyekundu ukurasa mzima, mita ya kwanza nzuri, ya pili inaanza michirizi, mbele kidogo nyekundu inageuka chungwa. Juzi nimetoa bango la sendofu, gauni la bibi harusi lilikuwa damu ya mzee, likatoka kama embe dodo. Nikipiga kliningi, yaani mashine ivute wino kujisafisha hedi, majenta inarudi, naenda mita mbili, inakata tena. Wino unaoingia kwenye chupa ya uchafu sasa ni mwingi kuliko unaofika kwenye bango.

Fundi kaja, kaangalia tesiti moja, ile michoro midogo ya kupima kila tundu la wino, kasema hedi imekufa nitafute mpya. Hela yenyewe inakaribia ya bodaboda. Hii ya zamani anasema ataondoka nayo akanitupie. Nifanyeje?

Sato Mbichi
"Akanitupie" 😂😂 Mkuu, usimpe.

Kamanga Kivukoni
Hedi iliyokufa haifufuki kwa kliningi kila baada ya mita mbili. Kabla hujatoa hata shilingi, jibu haya. Majenta ikikata, ukiiacha mashine imetulia dakika kumi bila kliningi halafu ukapiga tesiti, inarudi yenyewe? Nozeli, yaani vitundu vya wino vya hedi, zinazokosekana ni zile zile kila mara au zinahamahama? Na mwezi uliopita uligusa nini kwenye mfumo wa wino, hata kama unaona ni kitu kidogo?

Pindapinda
Chukua thina ya rangi za magari, vuta kwenye bomba la sindano, sukuma juu ya hedi kwa nguvu mpaka ipenye. Mimi yangu ilifufuka siku hiyo hiyo.

Mama Stika
Pindapinda mwanangu, na baada ya wiki ilikuwaje? Maana hapo ndipo stori huwa inaishia. Thina inalegeza gundi inayoshikilia tabaka za hedi, na mpira wa kepu, kile kifuniko hedi inachokalia ikipumzika, unavimba. Ukisukuma kwa nguvu, kuta zinazotenga rangi zinapasuka humo ndani, njano inaanza kutoka kijani na hakuna wa kuirudisha. Dawa ya kusafishia ni ile ya wino wako, basi. Na asije mtu kusema maji. Wino wa eko-solventi ukikutana na maji unaganda mabonge.

Mtoto wa Mabatini
Mkuu Kamanga, nimejaribu sasa hivi. Ndiyo, baada ya kutulia imerudi karibu yote bila kliningi. Mapengo yanahama, leo yako juu, kesho katikati. Mwezi uliopita wino wa majenta uliisha duka ninalonunulia siku zote, kijana wangu akachukua wa kampuni nyingine akaongezea juu ya uliokuwemo. Basi.

Kamanga Kivukoni
Hapo umeshajijibu nusu. Nozeli iliyoziba inakosekana pale pale, asubuhi na jioni. Rangi nzima ikipotea ghafla kama taa, shuku waya wa hedi au bodi. Ila inayokata ukijaza rangi na kurudi ikipumzika, hiyo ni njaa. Wino haufiki.

Hedi haina pampu ndani yake. Kila nozeli ikitupa tone, nafasi inajazwa na wino unaofuata kutoka kwenye mrija. Hiyo i3200 ina nozeli 3,200, kwa rangi nne ni 800 kila rangi. Maandishi yanatumia chache. Ukijaza nyekundu, 800 zote za majenta zinadai kwa pamoja, na kama njia imebana mahali, ndipo utaona. Ndiyo maana fundi kwa tesiti moja ya karatasi hawezi kujua chochote. Tesiti inatumia wino kiduchu.

Anza na dampa, kale kakopo ka plastiki kati ya mrija na hedi. Ndani yake kuna filta laini sana, na kuchanganya wino wa kampuni mbili ndiyo njia rahisi ya kuijaza utelezi. Zima mashine, chomoa na plagi ukutani, usiishie kwenye swichi. Funika waya wa hedi kwa kitambaa kikavu, maana tone moja la wino likiingia kwenye waya ule siku unawasha, unaunguza hedi na bodi kwa mpigo, na hapo fundi wako atakuwa amesema kweli. Weka dampa mpya, vuta wino taratibu kwa bomba la sindano mpaka mapovu makubwa yaishe. Nati ya mrija kaza kwa vidole na hakikisha kale kampira ka duara kamekaa sawa. Kakikaa upande, hewa inaingia na utarudi hapa kulia upya.

Bwiru Juu
Naongezea kepu, watu wanaisahau. Hedi ikiwa imesogea pembeni, jaza kepu dawa ya kusafishia, subiri dakika tano bila pampu kuzunguka. Ikishuka yenyewe, kuna pavuja. Kisha zungusha pampu: inatakiwa inyonywe yote haraka. Ikibaki, wino wa kliningi unasimama humo na hedi inaunyonya kurudi juu, ndiyo unaona njano imechafuka nyeusi. Hilo si tatizo lako la leo, ila ukinunua mtumba lipime.

Na umeme ukikatika hedi iko katikati ya bango, isukume kwa mkono irudi kwenye kepu. Kiangazi hiki cha Juni mpaka Septemba vumbi na upepo wa ziwani vinakausha upesi. Mimi yangu ililala nje ya kepu usiku mmoja, sitaki hata kusimulia.

Mama Stika
Mtoto wa Mabatini, angalia na vifuniko vya matanki. Kila kifuniko kina kitundu cha hewa. Kikiziba, wino unapotoka hewa haiingii, tanki linavuta kinyume. Ni kama kopo la mafuta ulilotoboa tundu moja tu.

Pindapinda
Mama, ile hedi ilikufa baada ya siku tisa. Nimekubali.

Mtoto wa Mabatini
Wakuu, mrejesho. Ijumaa nimebadili dampa ya majenta. Ya zamani nimeipasua, filta ina utando kama ule wa juu ya uji uliopoa. Nimetoa wino wote uliochanganywa, nikasafisha mrija kwa dawa yake, nikajaza wa kampuni moja. Nikaprinti nyekundu tupu. Mita mbili zikapita, tatu, nne, nikaanza kuimba. Ya sita ikakata.

Nikakata tamaa, nikamtafuta fundi kwenye simu. Kabla hajapokea nikakumbuka maneno ya Mama Stika, nikazunguka nyuma kwenye matanki. Kifuniko cha majenta kina selotepu juu! Namuuliza kijana, ananijibu kwa utulivu kabisa: "Bosi, siku ile naongeza wino usiku vile vijidudu vya ziwani vilikuwa vimejaa kwenye taa, nikaziba visiingie." Sijamgombeza sana, maana nia yake ilikuwa njema. Nimetoa selotepu, nimefunga kipande cha kitambaa chepesi kinachopitisha hewa.

Jana nimetoa bango la mita kumi na mbili la duka la dagaa pale Mwaloni, nyekundu mwanzo mpaka mwisho. Wabeja sana wakuu wote.

Kamanga Kivukoni
Safi. Badili na dampa tatu zilizobaki, umri wao ni mmoja. Fundi ulimwambiaje?

Mtoto wa Mabatini
Alinipigia mwenyewe leo asubuhi, anauliza kama nishapata hela ya hedi. Nikamwambia bado. Akasema basi anaweza kuinunua ile mbovu, nitaje bei.

Sato Mbichi
😂😂😂