Kijana wa Wete kakamatwa Pune, India: saa 24 za mwanzo, rumande na dhamana

Msaidizi wa Sheria, Wete
Assalaam alaykum. Familia moja huku kwetu imeniletea jambo ambalo sheria yake siyo niliyoizoea. Kijana wao anasoma Pune, jimbo la Maharashtra. Kachukuliwa na polisi kwenye nyumba ya kupanga; inadaiwa amekutwa na bangi isiyofika nusu kilo, na viza yake ilishamalizika miezi miwili nyuma. Naomba wanaoijua sheria ya India wanieleze kwa vifungu. Polisi wana ruhusa ya kukaa naye muda gani? Mgeni hupata dhamana? Na ndugu walioko Pemba wafanye nini zaidi ya kutuma pesa? Ushauri wa barazani umeshakuwa mwingi, na kila mtu ana wake.

Kikwajuni Sheria
Waalaykum salaam. Kwanza, akikutajia mtu "kifungu cha 167 cha CrPC", yaani sheria ya zamani ya mwenendo wa jinai, jua anasoma kitabu cha zamani. Tangu tarehe 1 Julai 2024 mwenendo wa jinai India unaongozwa na Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita, kwa kifupi BNSS. Mengi ya ndani ni yaleyale, ila namba zimehama, na ombi lenye namba za zamani linamtia aibu wakili hata kama halikataliwi.

Saa 24: Katiba yao, Ibara ya 22, na kifungu cha 58 cha BNSS vinataka afikishwe kwa hakimu ndani ya muda huo, ukiondoa muda wa safari. Jumapili na sikukuu si udhuru. Hakimu wa zamu yupo. Kifungu cha 47 kinataka aambiwe sababu ya kukamatwa, na cha 48 kinataka ndugu au rafiki aliyemtaja apewe taarifa. Novemba 2025 Mahkama ya Juu ilikaza zaidi: sababu ziandikwe, kwa lugha anayoielewa, na azipate si chini ya saa mbili kabla ya kusimama mbele ya hakimu. Pune karatasi za polisi huandikwa Kimarathi. Kijana wa Kipemba akipewa karatasi ya Kimarathi peke yake, hiyo ni hoja ya kuibua siku ileile ya kwanza, isingojewe mpaka kesi ianze.

Maelezo anayotoa kwa polisi wakati wa upelelezi hayasainiwi; ndiyo sheria, hata wakimwambia ni utaratibu wa kawaida. Na kukiri kosa mbele ya polisi si ushahidi dhidi yake. Mwaka 2020, katika kesi ya Tofan Singh, Mahkama ya Juu iliupeleka msimamo huo hadi kwa maofisa wa dawa za kulevya. Inayomfunga mtu zaidi ni panchanama, yaani hati ya upekuzi yenye mashahidi. Wakili aisome hiyo kabla ya kitu chengine chochote.

Hakimu anaweza kumrudisha mikononi mwa polisi kwa jumla ya siku 15, nazo zinaweza kukatwakatwa ndani ya siku 40 za mwanzo kwa kosa la uzito huu. Siku zilizobaki anakaa jela ya mahkama. Kwa hiyo familia isije ikadhani akishapelekwa jela basi polisi wamemaliza naye.

Mzee wa Vuga
Niongeze kwenye bangi, maana hapo uzito ndio kesi yenyewe. Sheria ni ya dawa za kulevya ya 1985, kwa kifupi NDPS. Kwa bangi ya maua, kiwango kidogo kinaishia kilo 1, na cha kibiashara kinaanzia kilo 20. Chini ya kilo 1 adhabu ni kifungo kisichozidi mwaka 1, au faini isiyozidi rupia 10,000, au vyote viwili. Lakini ulizeni: ni bangi au ni charas, ile ya utomvu? Kwa charas kiwango kidogo ni gramu 100 tu, na gramu 400 zitampeleka kwenye daraja la katikati lenye kifungo cha hadi miaka 10. Familia nyingi husema "bangi" kwa kila kitu, na hapo hesabu yote inaharibika.

Wakili atazame mambo mawili ya mizani. Je, walipima pamoja na mfuko? Na je, majani na mbegu vilitengwa? Kwa tafsiri ya sheria hiyo, bangi inayokatazwa ni vichwa vya maua au matunda ya mmea. Mbegu na majani yasiyoambatana na vichwa hivyo hayamo. Sampuli nazo zinatakiwa kuchukuliwa mbele ya hakimu, kifungu cha 52A. Polisi wakizichukua wenyewe kituoni, mnayo hoja.

Kuhusu dhamana: masharti makali ya kifungu cha 37 yanahusu kiwango cha kibiashara na makosa machache mengine, hayamgusi huyu ikiwa ni bangi ya nusu kilo. Hata hivyo Mahkama Kuu ya Bombay, ambayo Pune iko chini yake, ilisema mwaka 2020 kwamba makosa yote ya NDPS hayana dhamana ya haki ya moja kwa moja. Maana yake dhamana ataomba kwa hakimu. Polisi hawampi kituoni.

Msaidizi wa Sheria, Wete
Shukran sana. Mjomba wake anashikilia kwamba akubali kosa, alipe faini, arudi nyumbani. Mnaonaje? Na mdhamini atatoka wapi ikiwa hana jamaa India?

Bi Mkunazini
Mjomba asikilizwe mwisho. Kukubali kosa la bangi hakufuti la viza. Hilo lina sheria yake, ya Uhamiaji na Wageni ya 2025, inayotumika tangu tarehe 1 Septemba 2025: kukaa baada ya viza kumalizika ni kifungo cha hadi miaka 3, au faini ya hadi rupia 300,000, au vyote. Akikiri la kwanza, la pili anaingia nalo akiwa tayari ana hatia. Huenda mwishoni ikawa ndiyo njia fupi, sikatai, lakini uamuzi huo ufanywe baada ya wakili kuona ripoti ya mizani.

Mdhamini ni tatizo la kweli. Mahakimu hupenda mkaazi mwenye hati za mali. Wakili aombe dhamana ya fedha taslimu badala ya mtu. Zamani mgeni aliweza kudaiwa cheti cha ubalozi cha kuahidi kwamba hatatoroka; mwaka 2024, katika kesi ya Frank Vitus, Mahkama ya Juu ilisema mshitakiwa hawezi kunyimwa dhamana kwa karatasi ambayo ubalozi una hiari ya kuitoa au kutoitoa. Akipata dhamana, ofisa wa usajili wa wageni ataarifiwa, na huyo ana mamlaka yake ya kumzuia asiondoke nchini au kumwekea mipaka. Kutoka jela si kupanda ndege.

Sasa siku 60. Hati ya mashtaka isipofika mahkamani ndani ya siku 60, dhamana inakuwa haki yake (kifungu cha 187 cha BNSS). Zinahesabiwa tangu siku hakimu alipomweka rumande, na siku hiyo imo. Wengi huipoteza haki hii kwa uzembe: ombi likichelewa na hati ikatangulia, imekwenda. Siku ya 61 asubuhi wakili awe mlangoni. Msitegemee sana kifungu cha 479 cha BNSS hiyohiyo, kinachowaachia wanaokosa kwa mara ya kwanza baada ya theluthi ya kifungo cha juu, kwa sababu hakimfai mwenye makosa zaidi ya moja yanayoendelea, na huyu anayo mawili.

Wakili hawezi kusimama bila vakalatnama, yaani hati ya kumpa wakili idhini, iliyosainiwa na kijana mwenyewe. Akiwa jela, inapitia kwa mkuu wa jela. Kama hamna uwezo, aliye kizuizini ana haki ya wakili wa bure bila kuulizwa kipato, Sheria ya Huduma za Kisheria ya 1987. Ndani ya India namba ya simu ya msaada huo ni 15100. Ubalozi wetu New Delhi uandikiwe leo, kupitia ofisi ya Zanzibar ya Wizara ya Mambo ya Nje. Watamtembelea, hawalipi wakili wala hawamtoi.

Kijana wa Chake
Moja tu. Akipiga mtu video kwa WhatsApp, kavaa sare, anataka rupia "kijana aachiwe leo", msitume. India hakuna mtu anayekamatwa wala kuachiwa kwa simu. Huo ni utapeli uliotapakaa. Ombeni namba ya FIR, yaani taarifa ya kwanza ya kosa inayoandikishwa polisi, mwaka na jina la kituo. FIR, isipokuwa za siri, huwekwa kwenye tovuti ya polisi wa jimbo. Kesi ikishafunguliwa mahkamani itakuwa na namba yake ya utambulisho, CNR, yenye herufi na tarakimu 16; iingizeni kwenye eCourts, tovuti ya mahkama za India, na mtaona tarehe ya kusikilizwa mkiwa hapohapo Wete, bila kumngoja wakili apokee simu.